Mkanda Haujaungua: shajara ya mikanda sita, Tanga hadi Tongoni

Mkanda wa 1. Januari, Jumapili ya kwanza

Mtupu. Nimeutoa mkanda wa kamera kwenye tangi la kuusafishia, nikauinua dirishani, na hakuna picha hata moja. Ni angavu kama nailoni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jirani aliyekuwa mlangoni akasema, "Pole, umeungua."

Haujaungua. Huku kwetu neno ni hilo moja kwa kila ugonjwa: picha ikififia imeungua, ikiwa nyeusi imeungua, mkanda ukitoka mtupu nao umeungua. Lakini mkanda ulioingia mwanga kweli hutoka mweusi, kwa sababu kwenye negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, mwanga huandika kwa weusi. Huu wangu hauna weusi wowote, isipokuwa pembeni, kando ya matundu, ambako jina la mkanda, Ilford HP5 Plus, na namba za fremu yamekolea vizuri. Maandishi hayo hupigwa kwa mwanga kiwandani, na hayaonekani mpaka dawa ya kusafishia ifanye kazi. Kwa hiyo dawa yangu ni nzima. Ni mwanga wa kamera ndio ambao haukufika.

Sababu nimeipata baada ya kufunga mkanda wa majaribio mara tatu: ncha ya mkanda ilichomoka kwenye kigingi cha kulia, nikawa navuta mkono wa kamera na kubonyeza mara 36 huku mkanda umelala palepale. Dalili ilikuwepo tangu mwanzo. Ukivuta mkono, kitufe cha kurudishia mkanda kilicho kushoto lazima kizunguke. Changu hakikuzunguka, na sikukitazama.

Kamera ni Pentax K1000 ya marehemu baba mdogo. Kamera hizi zilianza kuuzwa mwaka 1976 na zikaendelea kutengenezwa hadi 1997. Yeye alipigia harusi na picha za pasipoti Ngamiani, hapa Tanga, mpaka kazi ya mikanda ilipokufa. Shata yake, pazia linalofunguka kuruhusu mwanga uufikie mkanda, haihitaji betri kabisa. Betri ni ya mita ya mwanga tu, kale ka kifungo ka LR44 ambako fundi saa yeyote anako. Ninachotaka kufanya nayo ni kitu kimoja: kumpiga bibi, aliyeko Tongoni, akisuka ukili wa mkeka kibarazani kwake. Picha tulizompiga kwa simu kwenye harusi ya dada zilipotea pamoja na simu. Negativu za baba mdogo zimo kwenye bahasha za kaki mpaka leo, na zinasomeka.

Mkanda wa 2. Januari, Jumapili ya tatu

Huu umeniumiza zaidi ya ule mtupu.

Nilipanda daladala ya barabara ya Pangani asubuhi, nikamkuta bibi kibarazani, miyaa imelowekwa kwenye beseni, ukili umekwisha kufika urefu wa mikono miwili. Nyumba yake imepakwa chokaa mwezi uliopita. Nilipiga fremu 20, sindano ya mita nikiiweka katikati kila mara kama kijitabu kinavyosema. Jioni nikasafisha. Ukuta umetoka wa kupendeza, hata alama za brashi ya chokaa unaziona. Bibi ni kivuli. Uso wake kwenye negativu ni angavu karibu sawa na pengo lililo kati ya fremu na fremu, maana yake hakuna kilichoandikwa. Nilijaribu kuipiga picha negativu kwa simu na kuongeza mwanga kwenye programu. Nilipata ukungu wa kijivu wenye chembechembe, macho hayamo. Kivuli kisichopata mwanga siku ile hakina cha kurudishwa.

Jumatatu niliipeleka kwa mzee mmoja Ngamiani ambaye studio yake siku hizi inatoa fotokopi na kupiga picha za kitambulisho, lakini zamani alikuwa na chumba cha giza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hebu leta."

Hakutazama picha. Alitazama pembeni kwanza, kwenye maandishi, kisha akaweka simu yangu mezani, skrini nyeupe, akalaza mkanda juu yake. Akanipa utaratibu ambao tangu hapo nimeubandika ukutani juu ya sinki. Maandishi ya pembeni yakiwa yamekolea na picha ni nyepesi, kosa limefanyika kwenye kamera: mwanga haukutosha. Maandishi yakiwa yamefifia pamoja na picha, kosa liko kwenye dawa: imechoka, ya baridi mno, au muda haukutosha. Maandishi yakiwa mazito kupita kiasi pamoja na picha, dawa imekula sana. Na kama hata maandishi hayapo, ulitia fiksa, dawa ya pili ya kudumisha picha, kabla ya dawa ya kwanza, au dawa ilikuwa imekufa kabisa.

"Enzi zetu," akasema, "mteja alipeleka mkanda kwenye maabara ya picha za rangi, mashine ikarekebisha yenyewe wakati wa kutoa picha. Anapata picha nzuri, hajui negativu yake ni mgonjwa. Wewe unasafisha mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayekuficha."

Halafu tukaingia kwenye ukuta wa bibi. Mita ya kamera haijui kilicho mbele yake. Inachukua mwanga wote unaoingia, inaufanya wastani, na kudhani kwamba wastani huo ni kijivu cha katikati. Ukiielekeza kwenye chokaa, mchanga, kanzu au anga lenye mawingu meupe, inaona mwanga mwingi na kukuambia ubane, yaani upunguze mwanga. Ukibana, chokaa inakuwa kijivu na mtu mweusi aliye mbele yake anazama. Ukiielekeza kwenye baibui jeusi mambo yanageuka: inakuambia ufungue, na baibui linatoka kijivu huku uso umekuwa mweupe.

Tiba aliyonipa mzee ni kiganja. Ngozi zetu hutofautiana, lakini viganja vya watu vinakaribiana sana, navyo ni ving'avu kuliko kijivu cha mita kwa stopu moja hivi. Stopu moja ni mwanga kuongezwa mara mbili au kupunguzwa nusu. Unaweka kiganja chako kwenye mwanga uleule unaompiga mtu, unasogeza kamera mpaka kiganja kijaze kioo, unasoma, halafu unafungua stopu moja zaidi. Kama huwezi kumfikia mtu, simama kwenye kivuli kinachofanana na chake.

Nilirudi Tongoni Jumamosi iliyofuata bila mkanda ndani ya kamera, kupima tu. Nikiwa nimesimama pale nilipopigia, kamera ikitazama bibi na ukuta, mita ilisema 1/500 kwa f/4: ya kwanza ni kasi ya shata, sehemu ya sekunde, na f ni tundu la lenzi, namba yake ikikua tundu linapungua. Kiganja changu chini ya paa la kibaraza kilisema 1/250 kwa f/4. Fungua stopu moja: 1/125. Kwa hiyo picha zangu zote 20 zilikosa stopu mbili, yaani bibi alipata robo ya mwanga aliostahili. Bibi aliniuliza mbona leo napiga picha mkono wangu mwenyewe. Nilipomweleza, akanyoosha kiganja chake na kusema nipime na hicho. Kilisoma sawa na changu.

Mkanda wa 3. Februari, mwanzoni

Umeme ulikatika tangu saa nane mchana, na mimi nilikuwa nimekwisha kuingiza mkanda kwenye tangi. Ingebidi nisubiri. Sikusubiri.

Muda wa HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji ni dakika saba na nusu, lakini hizo ni dakika za nyuzi joto 20. Maji ya bomba Tanga wakati wa kaskazi hayajawahi kuwa nyuzi 20. Kipimajoto changu kilisoma 29. Siku za kawaida nanunua barafu za mifuko dukani, naziweka kwenye beseni, chupa za dawa zinakaa humo mpaka zishuke. Siku hiyo friji la dukani nalo lilikuwa limezima. Nilisafisha hivyohivyo, dakika saba na nusu kamili.

Negativu zimetoka nyeusi tii, ngumu. Penye mwanga pamejifunga kabisa. Mzee aliniambia kwamba negativu nzuri, ukiilaza juu ya gazeti, sehemu yake nyeusi kuliko zote bado inakuruhusu kusoma herufi kwa shida. Hizi hazisomeki. Kama ningetazama picha peke yake ningesema nimezidisha mwanga, na pengine ningeanza kubana kamera na kuharibu mkanda unaofuata kwa upande mwingine. Lakini maandishi ya pembeni yamevimba, namba 8 imekaribia kuziba matundu yake mawili. Kamera haigusi maandishi hayo. Ni joto.

Nilichobadilisha: sasa nachanganya ID-11 na maji nusu kwa nusu. Kwa nyuzi 20 mchanganyiko huo unataka dakika 13, na urefu huo ndio unaonipa nafasi, kwa sababu joto linapopanda muda unapungua, na ukishuka chini ya dakika tano dawa haienei sawasawa na unapata mawimbi kwenye anga. Barafu ya kushusha maji mpaka 20 ni nyingi na ya gharama. Ya kushusha mpaka 24 ni mifuko miwili. Kwa 24 nasafisha dakika 9, na mikanda miwili ya majaribio imetoka na maandishi ya kawaida. Fiksa na maji ya kuoshea nayo yawe karibu na nyuzi hizohizo. Na kama hakuna barafu, mkanda unakaa. Hauendi popote.

Mkanda wa 4. Februari, katikati

Nilitoka nje ya kibaraza, nikaenda soko la samaki la Deep Sea alfajiri boti zinaporudi, nikabaki mpaka adhuhuri. Juani sikutegemea mita. Jua likiwa wazi, weka f/16 na kasi iliyo karibu na ISO ya mkanda, yaani namba ya wepesi wake wa kupokea mwanga. Kwa 400 ni 1/500. Kanuni hiyo ni ya zamani na ni ya kweli popote jua linapowaka, na kwenye mchanga mweupe unaweza kubana hadi f/22.

Matokeo yalinichanganya. Picha za alfajiri, wachukuzi na matenga ya samaki, nilizopiga kwa f/2 na f/2.8, ni safi. Za saa tatu, f/5.6, ni nzito kidogo. Za adhuhuri, f/16, ni nyeusi. Pembeni maandishi ni ya kawaida, kwa hiyo si dawa. ISO kwenye kidude cha kasi ni 400. Niliangalia mara mbili, kwa sababu K1000 haisomi alama za kopo la mkanda, unachoandika wewe ndicho inachoamini. Shata? Kasi ilikuwa 1/500 adhuhuri, lakini nilikuwa nimeitumia 1/500 asubuhi pia na ile fremu ni nzima.

Ni daftari lililoniokoa. Niliandika tundu na kasi ya kila fremu, na nilipopanga picha kwa tundu badala ya muda, ngazi ikajitokeza: kadiri tundu linavyotakiwa kuwa dogo, ndivyo mwanga unavyozidi. Maana yake tundu halikuwa linafunga.

Jaribio lake halina gharama. Kamera tupu, fungua mlango wa nyuma, weka f/16, kasi ya sekunde moja, elekeza dirishani, bonyeza huku unachungulia kutoka nyuma. Tundu linatakiwa liwe dogo tangu shata inapofunguka. Langu lilianza kubwa, likajikunja polepole kama jongoo aliyeguswa, na kufika f/16 sekunde ikikaribia kwisha. Kwa 1/500 halifiki kokote. Mafuta ya ndani ya lenzi yameyeyuka kwa miaka ya kabatini na joto la Tanga, yakapanda kwenye visu vya tundu na kuvigandisha. Kwa f/2 hakuna kinachotakiwa kujifunga, ndiyo maana picha za alfajiri zilipona.

Fundi saa wa karibu na soko aliifungua lenzi mbele yangu na kusafisha visu kimoja kimoja kwa mafuta ya viberiti, akavirudisha vikavu bila tone la kulainishia. Visu vya tundu havitakiwi mafuta kabisa. Nilishika taa muda wote. Sasa tundu linapiga *tap* na kufunga kabla sijapepesa.

Jambo lingine la mkanda huu: fremu mbili nilizopiga kwa 1/1000 zina upande mmoja uliofifia, kama pazia limefungwa mapema. Ndivyo ilivyo hasa. Shata ya kamera hii ni mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbizana kutoka upande hadi upande, na kwa kasi ya juu la pili linalikaribia mno la kwanza. Sijatafuta fundi wa hilo. Nimeweka plasta juu ya 1000 na ninaishia 500.

Mkanda wa 5. Machi, wiki ya kwanza

Sasa huu ndio umeungua. Michirizi myeusi kwenye negativu, kila baada ya fremu chache, inatoka kwenye matundu ya pembeni na kuingia kwenye picha. Hapo ndipo tofauti ilipo: mwanga uliozidi kupitia lenzi unabaki ndani ya mipaka ya fremu, na pengo kati ya fremu linabaki safi. Mwanga ulioingia kwa mlango wa nyuma hauheshimu mpaka, unavuka pengo na kupita kwenye maandishi.

Nilipitisha kidole kwenye mfereji wa mlango wa kamera. Sponji ya kuzuia mwanga imegeuka lami. Nimeikwangua kwa njiti na spiriti, jioni mbili, nikitazama isianguke kwenye pazia la shata. Badala ya sponji nimelaza uzi wa sufu mweusi, na upande wa bawaba kipande cha kitambaa cheusi cha mahameli kilichobaki kwa fundi cherehani. Kisha nikaingiza tochi ndogo ya waya ndani ya kamera, nikafunga mlango kadiri waya wa tochi unavyoruhusu... Hapana, niandike sawasawa: nilijaribu hivyo na waya ukawa unaacha upenyo. Kilichofanya kazi ni kuweka mkanda mfupi, kuiacha kamera juani dakika kumi kila upande, na kusafisha. Umetoka safi.

Wiki hii Tanga jua la adhuhuri linapita utosini. Kivuli cha mtu kiko chini ya nyayo zake. Kwa wanaume wenye kofia na wanawake wenye kanga kichwani macho yanakuwa mashimo, na hakuna mita wala kiganja kitakachorekebisha hilo, kwa sababu kati ya paji la uso na jicho kuna stopu nne au zaidi. Kati ya saa tano na saa tisa sipigi watu juani. Nawapeleka kivulini, au napiga majengo.

Mkanda wa 6. Machi, Jumapili ya tatu

Mawingu ya kwanza ya masika yametanda lakini mvua haijashuka. Mwanga laini, unaomfaa mtu kuliko wote.

Nilifika kwa bibi saa tatu asubuhi. Nilikagua kabla ya kutoka nyumbani: kitufe cha kushoto kinazunguka, ISO 400, tundu linafunga, betri inasogeza sindano. Nilipofika nilipima kiganja mara moja, 1/125 kwa f/4 baada ya kufungua ile stopu, na sikuipima tena kwa sababu mawingu hayakusogea. Sindano ilikuwa juu ya katikati muda wote, ikisema nimezidisha. Kuiacha pale ilinitaka moyo. Mkanda wa negativu unavumilia kuzidishiwa mwanga stopu moja au mbili, na mradi huu wote umenifundisha niogope upande ule mwingine.

Sikumwambia bibi atazame kamera. Alisuka, akazungumza na jirani kuhusu bei ya ukindu uliotiwa rangi, nami nikabonyeza pale mikono ilipotulia. Fremu 14 tu. Zilizobaki nilikwenda kuzipigia kwenye makaburi ya kale, yale yenye nguzo za mawe ya matumbawe, na hizo nitaziandika siku nyingine.

Jioni: mifuko miwili ya barafu, nyuzi 24, dakika 9. Nilipofungua tangi nilianza na pembeni, kama mzee alivyofanya. Maandishi ya kawaida. Ndipo nikatazama fremu ya kwanza.

Ukuta ni mzito, lakini nikiulaza juu ya gazeti herufi zinasomeka. Na uso wa bibi una kijivu, kijivu cha ngazi nyingi: shavu, mkunjo wa pembeni mwa mdomo, kipini puani, na ndani ya jicho nukta moja ndogo nyeusi ambayo kwenye picha itakuwa mng'ao wa anga. Niliukausha mkanda bafuni kwa kamba na vibanio, mlango umefungwa vumbi lisiingie, nikaenda kulala nikiwa na furaha.

Nimetoa picha moja, kubwa, kwa mzee wa studio. Alitazama negativu, akatikisa kichwa kuafiki, hakutaka hela ya karatasi. Jumamosi nikaipeleka Tongoni.

Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, akaikaribisha machoni. Alikaa kimya. Kisha akaweka kidole chini ya picha, mahali ambapo ukili unaangukia kwenye goti lake, kwenye kivuli cha kanga, sehemu ambayo kwenye mkanda wa pili ilikuwa tupu kabisa.

"Hapa," akasema, "nimeruka mwaa mmoja. Unauona?"

Niliinama. Nikauona.

"Leta ule ukili ndani, niufumue mpaka hapo."

Mkanda wa 7 umo ndani ya kamera. ISO 400, fremu ya 3.